Picha za Barafu Nilizosema Nimezipiga Mimi

Kuna watu aibu zao hubaki nyumbani, zikasikiwa na ukuta na jirani mmoja, zikaisha. Yangu ilitafsiriwa. Sitanii, ilitafsiriwa neno kwa neno kwenye maikrofoni, mbele ya kanisa zima, mimi nimesimama mbele yao ndani ya koti la blanketi mwezi wa pili, joto la Johannesburg la kulainisha lami, na mpaka leo nikipita Bertrams kuna mama mmoja anayeuza mboga huwa ananiuliza, kwa upole kabisa, "Dada Skola, huko juu baridi inaendeleaje?" Na mimi namjibu, "Ipo, mama, ipo," kwa sababu utafanyaje.

Naitwa Skolastika, nyumbani Kigoma. Nilikuja huku kwa basi, nikashuka nikapanda lingine, nikashuka nikapanda lingine tena, mpaka nikafika kusoma kozi ya ramani pale Braamfontein, na nilipomaliza nikapata kazi Randburg, ofisi ndogo ghorofa ya pili, watu tisa, na kazi yetu ukitaka kumwelezea mtu inabidi kwanza akae chini. Iko hivi: nchi za kaskazini kabisa, wakati wa baridi yao (ambao ndio wakati sisi huku tunakufa kwa joto), maji ya bahari yaliyo karibu na pwani yanaganda yanakuwa barafu, na kuna ndege ndogo zinapita juu zikipiga picha, mstari baada ya mstari, kama mtu anayefyeka majani uwanjani. Picha zinatumwa kwetu. Sisi tunakaa mbele ya kompyuta na kuchora mipaka, hapa barafu imeshika ufuko, hapa imekatika na vipande vinaelea kama sahani zilizovunjika, hapa ni maji matupu, na hapa (hapa ndipo watu wanapofukuzwa kazi) ni barafu changa, nyembamba na nyeusi, ambayo ukiitazama vibaya utaapa ni maji. Watu wa meli wanazitegemea hizo ramani. Basi, ndiyo kazi. Nachora mistari kuzunguka barafu tangu asubuhi hadi jioni, na maishani mwangu barafu pekee niliyowahi kuishika ni zile za ubuyu tulizokuwa tukinunua shuleni kwenye vifuko vya nailoni.

Sikuileta hii habari ili mnionee huruma, lakini bila kipande hiki hamtanielewa. Ofisini kila mtu ana hedifoni masikioni. Mnasalimiana asubuhi, mnaagana jioni, katikati ni kubofya tu. Nilipopanga, Bertrams, si mbali na uwanja wa mpira, ni nyumba moja ya vyumba vingi ambayo kila mlango una kufuli yake na kila mtu anapika kwa saa zake, na ukikutana na mtu kwenye korido anapisha kama vile umebeba maji ya moto. Jumamosi moja mama yangu alinipigia simu saa nane mchana, nikasema "shikamoo" sauti ikatoka imekwaruza, akauliza, "Unaumwa?" Nikamwambia hapana mama, ndiyo kwanza naitumia leo. Akacheka, akadhani namtania.

Kwa hiyo nikaanza kufungua kazi hata Jumamosi na Jumapili. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nakaa kitandani na laptopu ya ofisi mapajani, nje mvua ya radi ya alasiri inapiga mabati, na mimi natazama pwani nyeupe isiyo na mtu hata mmoja. Kuna picha ambazo jua likiwa chini, kivuli cha ndege yenyewe kinaonekana juu ya barafu, kidogo kama msalaba wa rozari, peke yake kwenye weupe wote ule. Hizo nilikuwa nazitazama sana. Kivuli hakina mpaka wa kuchora, hivyo hazikuwa na kazi yoyote kwangu, lakini nilikuwa nachelewa kuzifunga.

Sasa kanisa. Ni ukumbi juu ya duka la matairi, waumini wengi ni Wakongo wa upande wa Bukavu na Uvira, Warundi, na sisi Watanzania wa kuhesabika. Nilikuwa naenda, nakaa nyuma, naimba, natoka. Miezi minane hakuna aliyejua jina langu, na kosa halikuwa lao, mimi ni mtu wa kusubiri nikaribishwe. Mpaka Jumamosi ile nilipoamua kwenda kusuka nywele kwa Mama Furaha.

Mama Furaha ni wa Bukavu, ana saluni ya viti vitatu, sauti kubwa, mkono mwepesi. Nilikuwa nimesukwa nusu kichwa, drayer la kukaushia nywele linanguruma kwenye kiti cha pili, redio iko juu, akaniuliza, "Weye dada, unafanyaka kazi gani?" Nikaanza kueleza. Nikasema kuna barafu, kuna ndege, kuna picha za angani, nikawa natafuta namna ya kufika kwenye mistari, na yeye ameinama anatafuta rasta kwenye sanduku, akasikia alichosikia.

"Kumbe unapigaka picha ya barafu juu ya ndege?"

Nikasema, "Ndiyo."

Neno moja. Nimelifikiria sana hilo neno tangu siku hiyo. Ningeweza kusema hapana mama, sikiliza, ni hivi. Lakini maelezo yalikuwa marefu, drayer lilikuwa linanguruma, na nilichoka kuwa mtu ambaye watu wanageuza macho akiwa katikati ya sentensi. Na tena (niseme yote) alikuwa ameacha kutafuta rasta, amenyooka, ananitazama usoni kwenye kioo. Ni muda mrefu hakuna mtu aliyekuwa amenitazama hivyo.

"Zimeni radio," akawaambia wenzake. "Zimeni, huyu mama anapandaka ndege kila siku."

Ikazimwa. Drayer nalo likazimwa. Wanawake watano wakageuka, mmoja na povu kichwani, na maswali yakaanza, na mimi, jamani, nikayajibu. Baridi iko vipi? Kali, nikasema, mpaka kope zinashikana. Mnafungua dirisha? Mlango, nikasema, unatolewa kabisa ili kamera ipate nafasi. Mlango hakuna na wewe uko ndani? Nafungwa mkanda. Rubani ni mtu wa wapi? Nikampa rubani jina, nikampa na mke. Yule wa povu akauliza, "Sasa mukitaka kukojoa?" na hapo ndipo ningeweza kukwama, lakini nikasema tunavumilia, wakatikisa vichwa kwa heshima kubwa, kama niliyewaambia nafunga siku arobaini.

Nilitoka pale na nywele nzuri na mwaliko. Kesho yake baada ya ibada Mama Furaha akanivuta kwa mkono mpaka kwenye meza yao, akanipakulia bugali na sombe, ambayo kwetu ni ugali na kisamvu, samaki juu yake, akasema, "Huyu ni Skola, ule wa ndege." Na ikawa hivyo kila Jumapili. Nilikuwa na kiti. Nikichelewa mtu anauliza Skola yuko wapi. Sijui kama mnaelewa maana ya kuulizwa uko wapi wakati umezoea kupotea wiki nzima bila hata mtu wa kugundua.

Mama Furaha ana binti, ndiye huyo Furaha mwenyewe, miaka kumi na minne, kazaliwa hapahapa. Kiswahili anakisikia chote, ila mama yake akimsemesha yeye anajibu Kiingereza, na akiwa na wenzake ni Kizulu tupu. Mama yake jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokuwa anaonyesha. Sasa huyu mtoto siku moja akaja akakaa karibu yangu, akanong'ona, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe, "Dada Skola, kule juu munaonaka samaki?" Kwa Kiswahili. Mama yake aliacha kijiko hewani. Nikamjibu, naye akauliza lingine, na Jumapili iliyofuata akaja na maswali aliyokuwa ameyaandika kwenye daftari, akiuliza maneno, kuganda ni nini, ukungu ni nini, ufuko ni nini, na Mama Furaha ananitazama kwa juu ya kichwa cha mwanawe na macho yamejaa maji. Nyie niambieni, hapo ningesemaje ukweli? Nilijiambia nitasema wiki ijayo. Nilijiambia hivyo wiki sita.

Mchungaji akazipata habari. Akaniita, mtu mpole, anapenda vijana, akasema watoto wetu huku wanaona lugha yetu ni ya kufagilia na ya kusukia nywele, nataka Jumapili moja baada ya ibada usimame uwaeleze, kwa Kiswahili, na picha uwaonyeshe ukutani, projekta tunayo. Nikasema picha ni za ofisi, haziruhusiwi. Ilikuwa kweli kabisa, na ndiyo kweli pekee niliyokuwa nimesema mwezi mzima. Akasema basi chache tu, tatu, nne, nani atajua. Nikamwangalia yule mchungaji na mikono yake aliyoifumbata kwa matumaini, nikasema, "Sawa."

Siku yenyewe ikafika. Joto lile ambalo hata njiwa wa mjini wanatafuta kivuli. Madirisha ya ukumbi yote wazi, feni mbili zinazungusha hewa ya moto, harufu ya matairi kutoka chini. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, mpaka waliosimama mlangoni. Kabla sijaanza, Papa Déo, fundi cherehani, akapanda mbele amebeba kifurushi, akasema waumini wameona si vizuri dada yao aendelee kuteseka na baridi huko angani, kwa hiyo wamemshonea kitu. Akakunjua koti. Koti, ndugu zangu, refu mpaka magotini, rangi ya bluu, ndani limeshonwa blanketi zima, kofia ina manyoya, mikono imeachwa mirefu makusudi ili izibe vidole. Watu wakapiga makofi. Mama Furaha akasema kutoka kwenye kiti chake, "Avae, tuone."

Nikalivaa. Nilihisi jasho linaanza kwenye uti wa mgongo na kuteremka taratibu, na sijui lipi lilikuwa la joto na lipi la dhamira.

Pembeni yangu alisimama Ndugu Nestor. Huyu ni Mrundi, wiki nzima ni mlinzi kwenye maduka huko Randburg, Jumapili ni mkalimani wetu. Mhubiri akisema Kiswahili anakigeuza Kiingereza kwa ajili ya watoto na majirani wanaokuja, akija mgeni wa Kiingereza anakigeuza Kiswahili kwa ajili ya wazee, na anaifanya hiyo kazi kwa unyenyekevu na bila kuruka neno, kwa sababu anaamini mkalimani akichagua maneno amegeuka kuwa mhubiri. Ana maikrofoni yake mwenyewe, ameifunga kitambaa cheupe.

Picha za kazini hazifunguki mpaka uwe umeingia kwenye mfumo wa ofisi, kwa hiyo mchungaji akaniwashia intaneti ya simu yake, nikaingia, nikaweka nenosiri, na pwani ikatokea ukutani, kubwa, nyeupe, pana kama ukumbi wenyewe. Na hapo, msinielewe vibaya, nilikuwa na raha. Niliwaonyesha barafu iliyoshika ufuko, niliwaonyesha vipande vinavyoelea, niliwaonyesha ile nyembamba nyeusi inayodanganya macho, na yote hayo niliyajua kweli, sauti yangu ilikuwa imetulia, Nestor anafuata nyuma yangu kama mwangwi. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye heshima. Nikafungua ile ya kivuli.

"Na hiki kidogo hapa," nikasema, "ni kivuli cha ndege. Mimi niko humo ndani."

Nestor akatafsiri. Furaha, mstari wa mbele, akainuka nusu ili aone vizuri.

Simu ikaanza kulia. Siyo simu ya mkononi, ni laptopu, ule mfumo wetu una mahali pa kupigiana kwa video, na jina la msimamizi wangu, Riaan, likatokea ukutani juu ya barafu. Nikakimbilia kukata. Sasa ile mikono ya koti imezidi vidole, nikabonyeza kwa blanketi, nikabonyeza pasipo penyewe, na Riaan akatokea, uso wake tangu sakafuni mpaka dari, yuko jikoni kwake na kikombe cha chai, na sauti yake ikatoka kwenye spika za kanisa.

Riaan si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu, na Nestor, ambaye miaka yote akisikia Kiingereza kwenye spika zile mdomo wake unatangulia, akainua maikrofoni.

"Skola," akatafsiri Nestor, "leo ni Jumapili. Mbona uko kazini tena?"

Nilijaribu kumpa Nestor ishara kwa mkono. Mkono haukuonekana, ulikuwa ndani ya koti.

"Ninakuona kila Jumamosi na kila Jumapili uko kwenye mfumo," akaendelea, macho ameyafumba kidogo kama anavyofanya wakati wa neno zito. "Nina wasiwasi na wewe. Je, huna watu?"

Vichwa vikageuka kunitazama.

Riaan, maskini, alidhani mtandao ni mbovu ndiyo maana simjibu, akaona aendelee na mengine. Na Nestor akaendelea naye. "Na zile karatasi za ramani za Ijumaa, umechora vivuli vya mawingu ukaandika ni maji. Usijilaumu. Hakuna kati yetu aliyewahi kuiona hiyo barafu kwa macho. Mimi mwenyewe sijapanda zile ndege, na wewe uliniambia..." Hapo Nestor akasita. Alifumbua macho. Aliniangalia, na nilimwona mtu anayepigana na imani yake, nikadhani imeshindwa. Haikushindwa. Akasema kwa sauti ya chini, lakini maikrofoni haijui sauti ya chini, "Na wewe uliniambia hujawahi kupanda ndege. Hata moja."

Watoto walikuwa wameshaanza kucheka kabla yake, wao Kiingereza kiliwafikia mapema. Wakubwa walipata baada ya Nestor, kwa hiyo kicheko kilikuja mara mbili, cha pili kizito zaidi. Riaan naye ndipo akasogeza uso kwenye kioo chake, akaona mahali nilipo, akaniona na lile koti.

"Anauliza," akasema Nestor, sasa amekata tamaa, "hawa watu wote ni nani?"

Ningesema ni watu wangu, lakini ungesema hivyo vipi mbele yao, dakika hiyo. Nikasema niko kanisani. Akauliza kama nilikuwa nawaonyesha picha za kazi, nikasema ndiyo, akasema tutaongea Jumatatu, na uso ukatoka, ikabaki barafu.

Ndipo Bibi Esperansi, mzee kuliko wote pale, ambaye Kiingereza hasikii na kicheko hakikumhusu, akauliza kutoka kwenye kiti chake, bila ubaya wowote, "Sasa kama si yeye, nani alipiga picha?"

Nikasema, "Sijui, bibi."

Na hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu ilikuwa kweli. Zaidi ya mwaka natazama kupitia jicho la mtu huyo na sikuwahi kuuliza ni nani. Nikafunga laptopu nikaondoka nayo, sikukumbuka kwamba waya wa projekta bado umechomekwa, projekta ikanifuata kutoka mezani, Papa Déo akaidaka kwa magoti, na mimi nikashuka ngazi nikatoka nje kwenye jua na koti langu. Nilitembea nalo mpaka nyumbani. Siku hiyo kulikuwa na mechi, barabara imejaa watu wa jezi, mmoja akaniuliza, "Eish, dada, unaumwa?" kwa Kiingereza, nikamwambia naumwa.

Jumatatu Riaan alinifungia mlango wa ofisi yake, akanipa barua ya onyo kwa zile picha, kisha akaomba radhi kwa kuuliza kama nina watu. Aliona haya kuliko mimi. Na mimi nikamuuliza swali la Bibi Esperansi. Akacheka kidogo. Akasema hakuna mtu anayezipiga, Skola, kamera imefungwa chini ya tumbo la ndege, inajipiga yenyewe kila baada ya sekunde kadhaa, rubani anatazama mbele tu. Nikarudi kwenye kiti changu. Nikafungua picha, nikavaa hedifoni, na sikuweka muziki wowote.

Tangu siku hiyo mfumo wangu unafungwa wikendi, aliagiza yeye, kwa nia njema. Kwa hiyo Jumamosi na Jumapili sikuwa hata na barafu. Mwezi mzima sikukanyaga kanisani. Nilifumua nywele mwenyewe, nikafunga kilemba. Mama akipiga simu nasema huku kazi ni nyingi.

Mwishowe nikalikunja lile koti, nikalipeleka saluni. Mama Furaha alikuwa peke yake, anafagia. Nikamwambia nimekuja kurudisha, na nimekuja kuomba msamaha. Hakuacha kufagia.

"Koti ni yako," akasema. "Papa Déo hakushonea ndege. Alishonea mutu."

Nikasema nilidhani bila ndege msingenikaribisha.

Akasimamisha ufagio. "Nilikuitaka kwa meza yangu sababu ya ndege? Nilikuita sababu kila Jumapili nilikuwa ninakuona unashuka ngazi weye peke yako. Siku ile kwa saluni nilitaka tu jina yako. Nilianza na kazi, juu ni kazi bantu bote banaulizaka." Kisha akasema jambo ambalo sijalipatia dawa mpaka sasa. "Mimi nilikusamehe siku ile ile, na nilicheka. Lakini Furaha, tangu pale, hasemi tena Kiswahili. Ile daftari aliitupa. Nikimuongelesha anasema, mama, that language yenu ni ya bongo."

Bongo kwa wao ni uongo. Nilichukua ufagio mkononi mwake nikamalizia kufagia, kwa sababu ilibidi nifanye kitu.

Nilimwomba Furaha msamaha pia, kwa Kiswahili, pole pole, mlangoni kwao. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema "It's fine," akarudi ndani. Labda ipo siku. Sitasema zaidi ya hapo, mazoea yangu ya kuongezea yameshaniponza.

Kwa hiyo nimejiapiza, na ninaapa mbele yenu pia ili nikivunja mnishike: mtu akiniuliza ninafanya nini, namweleza yote, barafu, kamera, mistari, kiti, hata kama atasinzia. Na neno "ndiyo" silitoi tena kwa mtu ambaye hajasikia vizuri. Upweke ni mzito, nakubali, lakini una namna yake ya kubebeka. Uongo ukiubeba juu yake unakuwa na mizigo miwili na mikono ileile miwili.

Jumapili iliyopita nilirudi kanisani. Nilikaa nyuma. Ibada ilipoisha sikusubiri kuvutwa mkono, nilichukua sahani nikapakua mwenyewe, nikasimama nayo katikati ya zile meza, na nilikuwa naogopa, sidhani kama ningeogopa zaidi hata kwenye ndege isiyo na mlango. Kisha nikafanya jambo ambalo katika miaka yote ya Johannesburg sikuwahi kulifanya. Nilikwenda mpaka kwa Bibi Esperansi, nikasema, "Bibi, naweza kukaa hapa?"

Aliinua macho. Kisha akautoa mkoba wake kwenye kiti, akauweka chini.

"Kaa," akasema. "Unaitwa nani vile?"